Mama wa Mgwashi na Hedifoni Zetu Kuukuu

Habari za msiba zilinifikia Soni, siku ya soko, kwa mdomo wa muuza karoti ambaye hakujua kwamba amebeba msiba. Alikuwa akifunga mafungu yake kwa kamba ya mgomba, akasema kwa sauti ileile aliyokuwa akiitia wateja: "Yule mama wa Mgwashi, fundi wa vile vya masikioni, tumemzika juzi." Nilikuwa nimeshika fungu la karoti, nikasahau kuliweka chini. Kwa hesabu yangu nilisimama pale mwaka mzima. Kwa hesabu yake labda dakika mbili. Mwishowe akaniuliza, "Baba, unanunua au unaziombea?" Nikanunua mafungu matano, mimi ambaye hakuna daktari wala mke aliyewahi kunishawishi nile karoti, nikaondoka nayo kifuani. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka, ukungu wetu ule mzito ambao mtu angeweza kuukata kwa panga, akaufunga matita na kuupeleka Mombo kwa watu wa joto. Nyumba zilizama moja baada ya nyingine, barabara ikazama, nami nikatembea ndani yake kama mtu aliyelala huku miguu inakwenda. Wasomaji wangu wa siku zote, leo mnisamehe nikizunguka huku na huku. Mambo ya marehemu hayanijii kwa mstari. Hunijia kama ukungu unavyoingia nyumba ya udongo: kwa mlango, kwa dirisha, na kwa ufa ambao mwenye nyumba mwenyewe haujui.

Alikuwa mjane. Ujana wake uliishia hospitali, upande wa Bumbuli, ambako kazi yake ilikuwa kuchemsha. Mikasi, mirija, mabeseni, chochote kilichomgusa mgonjwa mmoja kilipita kwanza mikononi mwake kabla ya kumgusa mwingine. Mumewe alipofariki alirudi Mgwashi kukaa katika mji wa baba mkwe wake, naye akarudi na tabia za hospitali, mpaka watu wakasema kwamba kuku wake walikuwa wakifuta miguu kabla ya kuingia ndani. Siku moja alikwenda kuuza mboga kwenye shamba moja la chai lililokuwa likibadilisha mitambo yake ya simu. Hedifoni za zamani walizokuwa wakivaa wapokea simu zilikuwa zimejazwa katika sanduku la mbao, zinangoja kutupwa shimoni. Akaziomba, akapewa, akajitwika sanduku kichwani na kupanda nalo mlima ambao hata mbuzi huupanda kwa kupumzika mara tatu. Watu wakamcheka njia nzima. "Mama, umeokota masikio ya watu?" Akajibu bila kugeuka, "Nimeokota. Na ninyi mkiyatupa ya kwenu nitayaokota."

Laiti mngemwona akifanya kazi. Alikaa kibarazani juu ya kigoda, kanga imefungwa kifuani, hedifoni moja mapajani kama mtoto anayesafishwa. Kwanza aliondoa vile vigodoro vinavyokaa juu ya sikio, ambavyo ngozi yake ilikuwa imekauka na kupasuka kama kisigino cha mkulima, akavishonea vingine kwa ngozi laini ya mbuzi na kuvijaza sufu. Kisha akashika mwiba wa mlimau, akaanza kutoa nta ya masikio iliyoziba vitundu vya sauti, kitundu kimoja kimoja, bila haraka, nta ya watu aliowajua na wengine ambao pengine walishavuka bahari na kusahau kama Usambara ipo. Njiti ya kiberiti aliizungushia pamba, akaichovya kwenye spiriti, akapitisha. Utepe wa chuma wa kukaa kichwani aliusugua kwa majivu, akaupaka tone la mafuta ya mbarika. Juani hakuanika kamwe. Alizifukia hedifoni katika debe la maharage makavu kwa siku mbili, akisema maharage hunywa unyevu kuliko jua, na hayachomi. Mwisho alizivaa, akagusisha ncha za waya kwenye betri iliyochoka. Zikilia "tik" masikioni mwake, alitabasamu na kusema, "Huyu mzima." Nilimwuliza kama haoni kinyaa. "Uchafu wa sikio ni siri ya mtu," akasema. "Anayeusafisha hasimulii."

Nasi tulizihitaji hedifoni zile kuliko alivyodhani mtu yeyote. Miaka ile, uhuru ungali na harufu ya rangi mbichi na kila kilima kikizungumza ujamaa, watu wazima tulikuwa tunajifunza kusoma. Mimi nilikuwa mchukuzi wa viazi mwenye shingo nene kama gogo la mvule, na herufi pekee niliyoiandika bila kutoka jasho ilikuwa O. Darasa letu lilikutana alasiri katika ghala la ushirika lililonuka kahawa, na mara moja kwa wiki somo lilitoka redioni: kilimo, afya, uraia. Kijiji kilikuwa na redio moja. Basi panya wa ghala, panya wakubwa ambao paka aliwapisha njia, wakaitafuna karatasi ya spika yote wakabakiza pete ya chuma. Spika nyingine haikupatikana Soni wala Lushoto. Tukadhani elimu imekwisha. Ndipo mama yule akaja na hedifoni yake, ambayo aliitengeneza kwa kuunganisha viungo vya nne zilizokufa, akauchomeka waya wake mahali pa spika, akanivisha mimi kwa kuwa nilikuwa karibu.

Mpaka leo sijui nieleze vipi. Ghala lilinyamaza ghafla. Nikaona midomo ya wenzangu ikichezacheza kama ya samaki, nikaona ukungu ukipita mlangoni, na katikati ya kichwa changu, mahali ambapo nilidhani hapana kitu ila viazi, watu wakaanza kuimba. Kwaya nzima! Sauti za wanaume zilikaa chini, za wanawake juu, na mimi nikawa kanisa. Nilifumba macho. Nilielea juu ya ghala, juu ya mikaratusi, nikaiona milima yetu yote imelala kifudifudi chini ya wingu jeupe, na kila kibanda kikipumua moshi wake. Waliniambia baadaye kwamba nilikuwa nikitokwa na machozi na kucheka pamoja, na kwamba walihitaji wanaume wawili kuninyang'anya.

Sasa likaja swali: hedifoni ni moja, sisi ni thelathini, nani asikilize? Mimi nilipendekeza, kwa ujinga wa mtu aliyeelea, kwamba asikilize kijana mwenye masikio mapya na mkono mwepesi wa kuandika. Nilitazamwa kama mtu aliyeingiza mkono kwenye chungu kabla ya wazee. "Utamtangulia mwenyekiti kwa lipi, wewe?" aliuliza mwanamke mmoja. Kwetu mkubwa hutangulia: katika nyama, katika kiti, katika neno. Basi na katika redio. Mwenyekiti wetu ndiye aliyekuwa mkubwa wa umri, na ndiye huyo baba mkwe wa marehemu, mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe ambaye shikamoo yake ulianza kuiandaa ukiwa bado kona ya pili. Ikaamuliwa avae yeye, asikilize somo zima, kisha avue atueleze.

Wiki za mwanzo alitueleza machache, kwa kusitasita. Halafu, ghafla, mzee akafunguka. Alivua hedifoni polepole, akafuta macho, akaanza kusema, na ghala lote likatulia. Redio, alisema, imesema ardhi ni mzee anayechoka, mpe kiti. Redio imesema mti ulio juu ya chemchemi ndio mama wa maji, ukimkata mama, mtoto atanyonya nini? Redio imesema kila anayelima juu ya chemchemi arudi nyuma hatua kumi. Alivyosema! Tulisikia maji yakitembea chini ya sakafu. Siku ya pili watu walikwenda chemchemini na majembe. Hata jirani mmoja mkaidi, mtu wa rika la mwenyekiti, ambaye mahindi yake yaliota mpaka mdomoni mwa chemchemi na ambaye alishagombana na kijiji kizima na mbuzi zake, aling'oa mistari yake akarudi nyuma hatua kumi. Alisema, "Kama imesemwa Dar es Salaam, basi." Kabla ya mwezi kwisha maji yaliacha kutoka na tope.

Kila baada ya somo mama alizichukua hedifoni nyumbani kuzipangusa. Alasiri moja aliniita barazani kwake. Upande mmoja wa hedifoni ulikuwa umefunguliwa juu ya kitambaa cheupe. "Tazama," akasema. Waya mwembamba kama unywele wa mtoto ulikuwa umekatika ndani, na ncha zake zote mbili zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Nikasema umekatika leo, tushukuru Mungu umeuona mapema. Akatikisa kichwa.

"Kutu ya kijani haioti kwa siku moja, mwanangu. Hii ina wiki nyingi. Na huu ndio unaopeleka sauti pande zote mbili."

Ilinichukua muda. Akili yangu ilikuwa bado kwenye herufi O. "Kwa hiyo mzee... wiki zote hizi..."

"Hakusikia kitu. Hapakuwa na cha kusikia." Akateremsha sauti. "Na hajui kwamba hedifoni zilikufa. Nimemchunguza. Mimi nikiita watu wale chakula, yeye hageuki. Jogoo akiwika miguuni pake, hashtuki. Anadhani ubovu ni wake. Anaona haya."

Basi pale ndipo mambo mawili mabovu yalipokutana katika kichwa kimoja, na kila moja likamficha mwenzake. Mzee alivaa ukimya akadhani ni uzee, akaogopa kusema, na badala ya kusema "sikusikia" akasema yale aliyokuwa nayo moyoni. Mama aliniapisha ninyamaze. Angenyamaza naye milele, nina hakika, isipokuwa ilikuja barua kutoka Lushoto: mratibu wa elimu ya watu wazima atatutembelea baada ya wiki mbili, akae nasi wakati wa somo, na kuuliza tumejifunza nini. Mzee ataulizwa mbele ya kijiji. Hatasikia swali. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kupishwa njia kwa nguvu ila kwa heshima, ataonekana kiziwi na mwongo kwa wakati mmoja.

"Waya nitauunga," alisema mama. "Ila waya wa pili uko kichwani mwake. Nimeona mengi hospitali. Huenda ni nta tu, imegeuka jiwe. Inatoka kwa mafuta na maji ya vuguvugu." Kisha akaificha mikono yake ndani ya kanga, nami nikaelewa. Mkamwana hagusi kichwa cha baba mkwe. Hata mkeka aliokalia mzee yeye aliuinamia kwa mbali. Akanitazama mikono yangu, mikono ya viazi, kila kidole kama muhogo, akashusha pumzi. "Hatuna mwingine," akasema.

Jinsi tulivyomkubalisha mzee ni hadithi ya siku tatu, na sehemu kubwa ya siku hizo alijifanya hasikii, jambo ambalo halikumpa taabu. Mwishowe nilimwandikia. Ndiyo, mimi! Barua yangu ya kwanza duniani, maneno matatu juu ya ubao wa darasa, na nilitoka jasho la kujaza mtungi: BABA TUKUSAFISHE MASIKIO. Aliisoma, akanitazama, akaona kwamba tunajua. Alikaa kwenye kigoda. Siku mbili nilimtia matone ya mafuta ya vuguvugu, asubuhi na jioni. Siku ya tatu mkamwana wake akasimama nje, nyuma ya ukuta, mgongo ametugeuzia, akiniongoza kwa sauti. "Vuta sikio juu na nyuma, taratibu. Maji yasiwe moto, yajaribu kwenye kifundo cha mkono wako. Bonyeza bomba polepole. Polepole nimesema! Hilo si gunia!" Nilikuwa nimeshika lile bomba dogo la mpira alilotoka nalo hospitali. Maji yakaingia, yakatoka safi. Yakaingia, yakatoka safi. Mara ya tisa ikatoka, jamani, nta nyeusi ambayo naapa ilikuwa na ukubwa wa embe dodo, au tuseme punje ya harage. Mzee akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Nani anapiga kelele hivyo?" akauliza.

Hapakuwa na kelele. Mvua ndogo ilikuwa inanyesha juu ya majani ya migomba, ile ambayo hatuisikii tena kwa kuizoea. Alikaa akiisikiliza mpaka ikakatika.

Siku ya mratibu ghala lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mratibu alikuwa kijana mwenye shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, mpole. Aliuliza, tukajibu kwa kelele kama watoto: hatua kumi! mti ndio mama wa maji! Akafungua karatasi zake, akapekua, akakunja uso. "Hili la chemchemi mmelitoa wapi? Masomo ya redio hayajafika huko. Wiki hizo zote yalikuwa juu ya choo na malaria." Ghala likawa kimya kuliko hedifoni iliyokufa. Mwenyekiti alikuwa amekaa mbele, wima.

Marehemu akasimama. Hakusimama mbele, hapana. Alisimama palepale alipokaa kati ya wanawake, macho chini, kanga imefunika nusu ya uso, akasema kwa sauti ndogo ya mkamwana anayesema mahali alipo baba mkwe wake. "Bwana, kosa ni langu. Hedifoni nilizisafisha vibaya, waya ukakatika mikononi mwangu, nami nikanyamaza. Mwenyekiti alikuwa akipata vipande vipande. Pale palipokatika akalazimika kuunga mwenyewe." Ilikuwa sauti ambayo mwezi uliotangulia isingemfikia mzee hata angekaa mapajani pake. Uongo wake ungepita salama. Wote wangeuamini, hedifoni zingelaumiwa, na heshima ya mzee ingelala usingizi wake.

"Nimesikia," alisema mwenyekiti.

Akasimama, taratibu, mpaka akawa mrefu kama tulivyomjua. "Bwana mratibu, huyu mwanangu anadanganya, na tangu aolewe katika mji wangu ndiyo mara ya kwanza namsikia akidanganya. Sikupata vipande. Sikupata hata mlio wa mbu. Nilidhani nimekuwa kiziwi, nikaona haya kusema. Yale ya chemchemi ni yangu. Nimeyasema tangu nikiwa kijana, kwenye misiba, kwenye pombe, njiani, na ninyi mlikuwa mkipiga miayo." Akaziweka hedifoni mezani. "Na uenyekiti nauweka hapo hapo."

Kisha yule jirani mkaidi akajisukuma kutoka mlangoni, akaja mpaka mezani. Tulidhani anakuja kudai mahindi yake. "Mgosi," akamwambia mzee, kama wanaume wa rika moja wanavyoitana kwetu, "mimi nilirudi nyuma hatua kumi kwa ajili ya redio. Wangeniambia ni wewe unayesema, nisingerudi hata moja. Umekaa jirani yangu miaka yote hii." Akainamia meza. "Aibu hii ni yangu mimi, si yako." Akaziokota hedifoni kwa vidole viwili, kama anayeshika yai, akampa mzee. "Vaa. Somo linaanza." Na mwanamke mmoja nyuma akapaza sauti, "Au mnataka tukayarudishe maji Dar es Salaam?" Ghala likapasuka kwa kicheko. Mratibu naye alicheka mpaka kalamu moja ikamdondoka. Mama alikuwa amekaa, uso wote ndani ya kanga, mabega yakimtetemeka. Nikadhani analia, nikajipenyeza kumliwaza. Alikuwa anacheka kuliko wote.

Nimetembea na kisa hiki tangu siku ile ya soko, na kila kona ya mlima kinanipa sura mpya. Tumeendelea, siku hizi kila baraza lina redio yake, na spika zinazosikika mpaka ng'ambo ya bonde. Kikiharibika kitu tunatafuta kingine, na aliyejua kukifungua, kukipangusa na kukifunga tena anaonekana mtu wa zamani. Lakini kazi ya yule mama haikuwa kazi ya zamani. Kujenga tunakuona, kulima tunakuona, hotuba tunazisikia. Kuondoa kilichoziba hakuonekani, kwa sababu kikishaondoka hakibaki kitu cha kuonyesha ila kwamba mambo yamerudi kuwa yalivyotakiwa kuwa. Ukisafisha vizuri umefuta na alama za mikono yako. Nadhani ndiyo sababu nilipata habari za msiba wake kwa bahati, katikati ya karoti, na si kwa tangazo.

Na tulijifunza jambo ambalo halikuwa katika karatasi za mratibu. Tulikuwa kijiji kizima chenye masikio mazuri kabisa, na aliyetueleza ukweli wa maji yetu alikaa kati yetu, tukampa shikamoo kila siku na tusimsikilize hata siku moja, mpaka alipovaa chuma kichwani na kusema maneno yametoka mbali. Heshima tulimpa, usikivu tukamnyima, tukadhani ni kitu kimoja. Mtu wa mbali tumfungulie redio, ni vizuri, nami naipenda redio kuliko chakula. Ila kabla ya hapo tukae kitako na wa nyumbani. Mimi nimeshaanza. Jana alasiri nilimwuliza mke wangu ni jambo gani hasa ambalo amekuwa akiniambia miaka yote hii, nikanyamaza nimsikilize mpaka mwisho. Amemaliza leo asubuhi, na karibu yote ni kweli.